Nyangumi Aliyepewa Jina la Wepukhulu

Watamu,
21 Julai 2024

Dada Nasike,

Mulembe. Msalimie Mama kwanza kabla hujasoma mbele, umwambie mimi ni mzima, nakula vizuri, na kile kikohozi alichoniombea kimeisha. Mourine naye anaendeleaje na shule? Mwambie mjomba wake bado anasubiri kuona ripoti, na asifikiri umbali utamwokoa.

Najua ungependa nipige simu tu. Lakini Mama alishasema kwamba simu huongea na sikio moja na barua husomwa nyumba nzima, kwa hivyo hii hapa, pamoja na picha.

Kazi ni ileile ya boti: kushika kamba, kugawa makoti ya kujiokolea, kuwashika wageni wanaotapika wasianguke majini. Ila tangu mwanzo wa mwezi nimepata kazi nyingine ambayo sikuiomba na sasa siwezi kuiacha. Nyangumi wamekuja. Hawa wa nundu hutoka kusini kabisa kwenye baridi kali, huja kuzalia kwenye maji yetu ya joto, ikifika Oktoba wanarudi. Kuna dada mmoja hapa anaitwa Ndanu, anakusanya picha zao. Hajali umepiga kwa kamera ya maana au kwa simu. Mvuvi, mpishi wa hoteli, mtalii, yeyote akimwona nyangumi anapiga na kumtumia. Na picha anayoitaka si ya kichwa. Ni ya mkia, wakati nyangumi anazama na kuuinua juu, upande wa chini ukaonekana.

Dada, kila mkia una alama zake. Mmoja mweusi tititi, mwingine una mabaka meupe, mwingine pindo lake limechanika kama leso ya zamani. Hakuna miwili inayofanana. Basi ukipiga wewe mwaka huu, na mtu mwingine akapiga mwaka ujao huko Msambweni, Ndanu anaziweka pamoja na kusema huyu ni yuleyule. Ila hasemi peke yake. Kila picha hutazamwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, bila kuambiana neno. Wakisema jambo moja ndipo inaandikwa. Nimekutaja wewe. Nimemwambia dadangu ni msusi, anashinda akitazama visogo vya watu pale Kawangware 46, macho yake hayapitwi na kitu. Picha ziko ndani ya bahasha. Zitazame, uniambie zipi ni za mnyama mmoja.

Sasa habari yenyewe. Wiki jana nilimpata wangu, ambaye hayumo kabisa kwenye kumbukumbu zao. Anayempata mpya ndiye humpa jina. Mkia wake una pengo upande wa kushoto, karibu na ncha, vilevile kama lile sikio la kaka yetu lililokatwa na mabati pale kwetu kwa zamani, Gatwekera. Nilipoliona nilicheka peke yangu mpaka nahodha akaniuliza kama jua limenipiga. Nimempa jina la kaka. Ameandikwa Wepukhulu.

Nimefurahi sana, dada. Mwambie Mama.

Mdogo wako,
Derrick


Kawangware 46,
4 Agosti 2024

Derrick,

Sisi ni wazima. Mourine anaendelea na shule. Mzee Muigai, mwenye ploti, ameongeza ghorofa nyingine mbele yetu, siku hizi jua tunalisikia kwa majirani.

Barua yako niliifungua mbele ya Mama, nikaisoma kwa sauti kama tunavyofanya siku zote. Sikuipitia kwanza. Kwa nini niipitie? Nikasoma habari za wageni wanaotapika, Mama akacheka. Nikasoma habari za mikia, akasema, "Kumbe ni kama watu." Nikafika pale kwenye jina, nikalitamka kabla sijaelewa ninasoma nini.

Mama aliinua kichwa. Kisha akauliza, "Amempa nani jina?" Nikamwambia nyangumi. Akauliza tena, kwa sauti ndogo, "Wepukhulu amekufa wapi?"

Derrick, wewe ulizaliwa nyumba gani? Kwetu jina la mtu hupewa mwingine akishaondoka duniani. Kaka aliitwa Wepukhulu kwa sababu babu alikuwa ameshazikwa. Ukilitoa jina lake, hata kwa mnyama wa baharini, Mama atasikia nini? Alisikia kwamba umepata habari mbaya huko, ukakosa pa kuanzia, ukaizungusha kwa hadithi ya mikia. Maana ndivyo watu wetu wanavyoleta habari ya kifo, wanaanza na mvua, wanaanza na ng'ombe. Alivua kitambaa kichwani akakaa sakafuni. Majirani wakaja. Mimi nikawa nakupigia simu na wewe uko baharini, hupatikani.

Ulipopatikana jioni ukasema hujui lolote. Nilimwambia hivyo. Hakuniamini, na mpaka leo sidhani kama ananiamini. Habari ikafika kijijini Kimilili, na Baba Mdogo Boaz akapanda gari akaja. Akasema miaka saba ya kumngoja mtu inatosha. Wamepanga kuzika mgomba. Utawekwa kaburini badala ya kaka, kwa jina lake, mchungaji ataomba, watu watalia, watakula na kurudi makwao, na sisi tutaambiwa tuache kungoja. Ni Jumamosi ya pili ya Desemba. Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema tu kaburi lisiwe karibu na njia.

Mimi nasema hapana. Nitasema hapana hata nikibaki peke yangu. Lakini kwanza nijibu, na jibu uliweke kwenye karatasi ya pekee ambayo sitamsomea Mama. Kuna kitu unakijua? Na ulipoiacha kazi yako ya nyaya za umeme pale Riruta Satellite, kazi nzuri na karibu na nyumbani, ukaenda kushika kamba za boti, ulifuata nini huko?

Picha zako ziko kabatini. Sijazitazama.

Dada yako,
Nasike


Watamu,
1 Septemba 2024

Dada Nasike,

Karatasi hii msomee Mama.

Mulembe, Mama. Natumaini miguu haikusumbui na baridi ya Agosti imepungua huko. Nisamehe. Sina habari ya kaka, mbaya wala nzuri. Ningekuwa nayo ningekuja nayo mwenyewe, nisingeituma kwa basi. Jina nililitoa kwa kumkumbuka tu, na ujinga wa kutofikiri. Lile pengo lilinikumbusha siku ya sikio. Alikuwa amenibeba mgongoni, mvua inatukimbiza, tukapita kwenye kile kichochoro cha nyuma ya choo cha kina Sella. Bati lilikuwa limetokeza. Aliliona dakika ya mwisho, akaniinamisha mimi, yeye likampata. Damu ilimchuruzika mpaka kwenye kola ya shati. Akaniambia tukifika nikwambie tulikuwa tunacheza mpira, kwa sababu kile kichochoro ulikuwa umetukataza. Nilitaka kitu chenye pengo lile kiendelee kuonekana mahali, Mama, basi.

Ndanu nimemweleza. Amesema atalitoa jina msimu ukiisha, akifunga kumbukumbu za mwaka.

(Hii ya pili ni yako peke yako.)

Dada, nakuapia, hakuna ninachokijua. Ila nimechoka. Namba ngeni ikiingia kwenye simu moyo unaruka, kumbe ni mtu anauza kiwanja. Labda Baba Mdogo ana haki. Nilimuuliza Ndanu, nyangumi asipoonekana miaka mingi, mnaandika amekufa? Akasema hapana, wanaandika mahali alipoonekana mara ya mwisho, na ukurasa wake unabaki wazi. Yeye aliniambia kama jambo la kufurahisha. Mimi siwezi kuishi na ukurasa wazi. Wewe unaweza?

Kuhusu Satellite, kazi ni kazi.

Derrick


Kawangware 46,
22 Septemba 2024

Derrick mdogo wangu,

Mulembe. Mama anakula sasa. Juzi aligombana na mwenye duka kuhusu unga wenye wadudu, nikajua amepona. Mourine amekuwa wa nne darasani, na amenyoa nywele zote bila kuniuliza, mimi mamake msusi. Yaani ni kunitukana hadharani.

Karatasi ya kwanza nilimsomea. Pale kwenye sikio alishika mdomo. "Mpira," akasema. "Mpira ukate sikio?" Kumbe alijua siku ileile, akanyamaza tu ili kaka asiaibike mbele yako. Akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akaniambia nizitoe picha kabatini.

Jumapili tulipotoka kanisani tulizitandaza kitandani. Mimi nilihangaika na mabaka, huku napima kwa kidole. Mama hakupima kitu. Alizitazama zote kwa pamoja, kama mtu anayetazama soko, halafu akaokota mbili. "Huyu na huyu." Nikageuza nyuma, zimepigwa miaka tofauti, mahali tofauti. Mwambie Ndanu hizo nimezitia alama ya kalamu nyekundu, na mimi nilikuwa nimezichagua hizohizo. Nilimuuliza Mama amejuaje. Akaniambia, "Mimi nimewaona watu wangapi wakiondoka?"

Ndipo asubuhi za Gatwekera zikanirudia. Unazikumbuka, au ulikuwa bado umelala? Kuna kijigiza, watu wanateremka kufuata reli kwenda viwandani Indasitria kwa miguu, kundi baada ya kundi, hakuna anayeongea, unasikia tu viatu kwenye kokoto. Mama amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya rangi. Uso hata mmoja hauonekani, wote wametupa mgongo, na yeye anawataja. "Yule baba Sella, leo mguu unamsumbua. Yule Kyalo, amepata koti." Na Wepukhulu katikati yao, bega la kushoto limeshuka kwa kubeba mawe ya mjengo. Mama alikuwa anamfuata kwa macho mpaka kwenye kona. Natamani kurudi pale, Derrick. Tulilala wote chumba kimoja, mvua ikipiga mabati hatusikilizani, moshi wa jirani wote kwetu, na bado natamani. Tulikuwa tumetimia.

Asubuhi ile ya mwisho Mama alimwona vilevile, kwa mgongo, akapotelea kwenye kona kama siku zote. Hakuna aliyegombana naye. Hakuna aliyemfukuza. Nimetafuta sababu mpaka nimechoka kutafuta.

Nami nikwambie langu. Tulipohamia huku Mama aligoma, ati Wepukhulu akirudi atakuta mlango wa watu. Nikamtuliza kwamba jirani yetu Syombua atamwelekeza. Syombua alishahama zamani. Mama hajui. Kwa hivyo kila mwezi nashuka Gatwekera mwenyewe, Mama anadhani naenda kununua nywele za kusukia. Nabisha mlango wetu wa zamani. Wanaokaa pale ni vijana wawili, wamenizoea, hata sijauliza wananiambia, "Bado, auntie. Hajakam."

Basi ukurasa wangu uko wazi na utabaki wazi. Na wewe, ati "kazi ni kazi"? Nimekubeba mgongoni, Derrick. Niambie.

Mama anauliza kama hao nyangumi wana mama zao.

Nasike


Watamu,
3 Novemba 2024

Dada Nasike,

Mulembe kwako na kwa Mama. Mwambie ndiyo, wanao. Mtoto hukaa ubavuni mwa mamake karibu mwaka mzima, na Ndanu anasema ukimwona mama kwenye picha, mtafute mtoto pembeni.

Nimechelewa. Nilianza barua hii mara nyingi nikaichana. Mbele ya hapa usimsomee.

Nilimfuata kaka. Fundi mmoja pale Satellite aliniambia amemwona Likoni, kwenye kivuko, amebeba gunia. Hakuwa na hakika. Sikuwaambia kwa sababu Mama angefunga mizigo siku hiyohiyo, na mimi sikutaka aje kutazama watu wasio wake wakishuka kwenye feri. Nikaja kutazama mimi. Nilisimama pale asubuhi na jioni mpaka askari wakaanza kunishuku. Nikaenda Mtwapa, nikaenda Kilifi, nikaishia hapa viatu vimefumka, nahodha akanipa kazi. Nilikuwa natazama nyuso, dada, kila mwanamume mrefu. Siku hizi sina hata hakika kama naukumbuka uso wake mwenyewe au ule wa kwenye picha ya ubatizo.

Nadhani nilipolitoa lile jina nilikuwa nimeshamzika moyoni bila kujijua. Mama alisikia vizuri kuliko mimi niliyeandika. Kwa hivyo nakuja Desemba. Nimeshakata tiketi mpaka Kimilili. Nitashika jembe pamoja na Baba Mdogo, na mgomba nitaukata mimi. Usinikasirikie. Nataka mahali pa kusimama nikitaka kumlilia.

Nyangumi wameondoka. Bahari imekuwa kama uwanja baada ya mechi. Bahasha hii ndiyo ya mwisho, picha za watu mbalimbali kuanzia Kipini hadi Vanga. Moja imetoka Shimoni, mvuvi aliipiga kwa simu mwezi wa tisa. Ndanu alikata kipande chenye mkia tu, akakiweka kwenye kompyuta, na anadhani ni Wepukhulu, kwa ajili ya pengo la kushoto. Mimi siruhusiwi kusema chochote kwa kuwa ni wangu. Itazame wewe, na Mama naye aitazame, kila mtu kivyake. Nimezichapisha zote nzimanzima pale mjini, basi limeshawasha injini, hata sikuzipitia.

Ningependa awe yeye. Angalau huyo mmoja awe ameonekana tena kabla hajanyang'anywa jina.

Derrick


Kawangware 46,
17 Novemba 2024

Derrick,

Mulembe. Tu wazima. Usitafute zaidi kwenye salamu, leo siziwezi.

Naanza na kazi uliyonituma. Picha ya Shimoni nimeitazama. Yule nyangumi si Wepukhulu. Pengo la wako liko karibu na ncha na limechongoka. La huyu liko ndani zaidi na ni pana, halafu ana mabaka meupe, wako hana hata moja. Mwambie Ndanu hapana.

Sasa kaa chini.

Ndanu alikata mkia tu. Wewe umenitumia picha nzima. Aliyeipiga alikuwa amesimama nyuma ya boti, na mbele yake, kwenye kona ya chini, kuna mtu ameketi, ametupa kisogo, naye anautazama huo mkia. Shati la buluu lililopauka. Bega la kushoto limeshuka. Na kisogo nakijua, Derrick. Ndicho kichwa cha kwanza nilichowahi kunyoa, kwa wembe wa Baba, kabla mtu mwingine yeyote hajaniamini na nywele zake. Utosini nywele zake zinazunguka mara mbili, zilikuwa zikinisumbua kila mwezi. Sikio la kushoto, ukilitazama kwa nyuma, lina pengo.

Nilikuwa na mteja kwenye kiti, amesukwa nusu. Nilimwambia akanywe chai kwanza, nikatoka nje kwenye mwanga nikaitazama upya.

Lakini nilikumbuka sheria yenu. Sikumwambia Mama kitu. Nilienda nyumbani nikaichanganya picha ile na nyingine zote, nikazitandaza kitandani, nikamwambia Derrick ameleta mikia mingine. Kisha nikaenda kwenye karo kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nilivisugua, nikavisugua tena. Niliporudi nilimkuta dirishani, ameshika picha moja, ameigeuza kwenye kile kijimwanga alichotuachia Mzee Muigai.

Hakuuliza kama ni yeye. Hakupiga ukelele. Alisema, "Mbona amekonda hivi? Na hilo shati, ni nani anamfulia?"

Watu wawili, kila mmoja kivyake. Andika.

Sijui kwa nini hakurudi. Huenda ana sababu, na huenda ikaniudhi, nami nitamgombeza mpaka majirani wajae mlangoni, lakini hilo ni baadaye. Tiketi ya Kimilili irudishe, kata ya Shimoni. Hata kama boti lile lilikuwa la kupita tu, huyo mvuvi aliyepiga picha yupo, na anajua alikuwa na nani. Ukimwona kaka usimwite kwa nyuma, atashtuka. Zunguka mbele yake akuone. Alikuacha huna ndevu, kwa hivyo mtajie jina lako. Mwambie Gatwekera tulihama, lakini mlango wetu bado nabisha. Mwambie Mama alijua haukuwa mpira.

Jina la nyangumi litolewe, halafu kaka mwenyewe awaambie Ndanu na wenzake anataka kumpa jina gani.

Baba Mdogo Boaz nimempigia. Alifoka sana, ati watu wameshaalikwa, ati kisogo kwenye picha si mtu. Mama akaninyang'anya simu. Alimsalimia vizuri, akamuuliza hali ya ng'ombe, akamuuliza hali ya mvua. Halafu akamwambia ule mgomba auache uzae.

Dada yako,
Nasike